Habari, Taarifa na Data: Tahakiki ya Istilahi Tatu kwa Mizani ya Nadharia ya Ishara

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wetu ni ile ambayo Waingereza huiita "information". Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatumia maneno mawili, habari na taarifa. Mwaka 2016 ilitungwa Sheria ya Huduma za Habari, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Mwaka 2022 ikafuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo katika jina lake la Kiingereza neno taarifa limesimama mahali pa data. Hivyo neno moja limetwishwa dhana mbili. Makala haya yanakusudia kupima iwapo lugha yaweza kuubeba mzigo huo bila madhara.

Mizani tutakayoitumia ni nadharia ya ishara. Ferdinand de Saussure, ambaye mafundisho yake yalichapishwa mwaka 1916, aliiona ishara kuwa na pande mbili: kitaja na kitajwa. Mmarekani Charles Sanders Peirce (1839–1914) aliongeza upande wa tatu. Kwake yeye, ishara ni umbo linalosimama badala ya kitu, na ambalo huzaa fasiri katika akili ya mpokeaji. Moshi ni dalili ya moto, ramani ni mfano wa nchi, na neno ni alama iliyokubaliwa na jamii. Lakini palipokosekana fasiri, hakuna ishara iliyokamilika.

Tutazame tarakimu 37 iliyoandikwa katika daftari. Yaweza kuwa umri wa mtu, joto la mwili wake au namba ya nyumba. Asiyejua safu ile inahusu nini ameona umbo tu. Umbo hilo lililohifadhiwa, likingoja fasiri, ndilo data. Likishafasiriwa na mtu kwa haja yake, huwa taarifa.

Yafaa kutahadhari hapa. Claude Shannon, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1948, alipima wingi wa dhana hii kwa biti, na alieleza waziwazi kwamba suala la maana halikumhusu mhandisi. Alichopima ni kiasi cha shaka kinachoondolewa na ujumbe. Kwa kipimo hicho, anayeulizwa "Habari za nyumbani?" akajibu "Nzuri" hajasema takribani lolote, kwani jibu lilijulikana kabla ya kutamkwa, hata mwenye msiba aghalabu huanza na "nzuri", kisha ndipo huongeza "ila". Hata hivyo, salamu hiyo ina maana kubwa katika jamii. Kwa hiyo mfasiri wa vitabu vya uhandisi asidhani kwamba istilahi ya Shannon na ile ya mwanasheria ni kitu kimoja.

Turejee kwenye sheria. Neno taarifa lina asili moja na arifu na maarifa. Ndani yake mna tendo la kumjulisha mtu. Kwa hiyo, katika sheria ya mwaka 2016 limekaa mahali pake barabara. Mwananchi akiomba taarifa ya dawa zilizopokelewa katika zahanati, akapewa kurasa za namba za siri zisizo na ufunguo, ofisa hawezi kudai kwamba amemtaarifu. Amempa data. Haki ya kupata taarifa haitimii mpaka fasiri iwezekane.

Sheria ya mwaka 2022 ina haja tofauti. Jina na namba ya simu ya mtu vyastahili ulinzi tangu vinapoandikwa, hata kabla hajatokea mtu wa kuvisoma. Ulinzi huanzia kwenye umbo. Haki ya kupata hukamilika kwenye fasiri. Tukitumia neno moja kwa yote mawili, tunampa ofisa mzembe mwanya wa kutoa kurasa tupu za maana na kuziita taarifa.

Wako watakaosema kwamba data ni neno la kigeni. Hoja hiyo haina uzito, kwani habari na taarifa nazo zilitujia kutoka Kiarabu, na leo hakuna anayeziita ngeni. Wala takwimu haifai kushika nafasi hiyo: jina la mtu ni data, lakini si takwimu.

Jina la sheria halibadilishwi kwa kalamu ya msanifu istilahi, na TEHAMA, ambayo imebeba neno habari, imekwisha kuzoeleka. Lakini katika maelezo, miongozo, fomu na vitabu vya shule, hapana budi tutofautishe: habari iwe ya matukio yanayotangazwa, data iwe ya maumbo yaliyohifadhiwa, na taarifa iwe ya kile ambacho mpokeaji amewezeshwa kukielewa. Mfasiri anapokutana na dhana hii, kwanza ajiulize: je, mpokeaji ameshafika, au bado anangojwa?