Viza ya Marekani: kwa nini Nundu ipitie Kinshasa?

Bandugu, tangu mwezi wa tisa, grupu zote za wahitimu nilizomo zinazungusha ujumbe mmoja: "Marekani wamebadilisha mahojiano ya viza." Wengine wanaongeza kwamba Kongo imefungwa kabisa. Nimesoma matangazo yenyewe, na naona tunapigia kelele lile lisilotuhusu sana.

Hiyo ya kufungwa tuiondoe kwanza. Orodha iliyoanza kutumika tarehe 9 Juni 2025 ilitaja Kongo ya Brazzaville. RDC haikuwamo. Jirani zetu wa Burundi njo waliguswa, viza za matembezi na za masomo zikasimamishwa kwao. Kwa hiyo mtu asikuuzie "njia ya pembeni" juu ya mlango ambao haukufungwa.

Tangazo la kwanza la mahojiano lilianza kazi tarehe 2 Septemba 2025. Karibu kila mwombaji wa viza ya muda, iwe ya matembezi, masomo au kazi, lazima afike mwenyewe mbele ya ofisa. Zamani watoto wa chini ya miaka 14 na wazee waliopita 79 kwa kawaida walisamehewa, pamoja na wengi waliokuwa wanafanya upya viza ya zamani. Msamaha sasa umebaki kwa wanadiplomasia na wachache wengine. Sawa. Lakini hapa Nundu ni vijana wangapi walikuwa na viza ya kufanya upya? Anayeomba mara ya kwanza alikuwa anahojiwa toka zamani. Anayeumia hapo ni koko wa miaka 80 mwenye watoto Amerika, na makoko wa namna hiyo Fizi tunao, juu familia nyingi zilipita kambi ya Nyarugusu zikapelekwa huko. Wanamwalika akaone wajukuu, na sasa yeye mwenyewe lazima abebwe mpaka dirishani.

Tangazo la pili, la tarehe 6 Septemba, watu wamelipita haraka. Linamtaka mwombaji achukue randevu katika nchi ya uraia wake au nchi anamoishi. Akijaribu kwingine, kukubaliwa kunaweza kuwa kugumu zaidi, na pesa aliyolipa hairudishwi wala haihamishwi. Hili njo letu.

Chukua ramani. Nundu mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege, na hakuna basi linalofika. Goma na Kavumu hakuna tena ndege ya kawaida tangu M23 waingie mwanzoni mwa 2025. Unabaki kushuka Kalemie utafute ndege, au kupanda Uvira, uvuke mpaka wa Gatumba, uingie Bujumbura, urukie huko. Yaani unapita kwenye mji wenye ambasade ya Marekani, kama kilomita 30 kutoka Uvira, ili uende kwenye ambasade nyingine ya Marekani upande wa pili wa nchi!

Halafu pesa. Ombi la viza ya masomo ni dola 185, ada ya SEVIS ni 350. Hizo ni dola 535 kabla ya tiketi, kabla ya kulala na kula katika mji ambao wengi wetu Lingala yake tunaokoteza. Dada mmoja niliyesoma naye, mwuguzi, alipata nafasi ya masomo. Alipiga hesabu kwenye daftari, akaacha. Hakuna ofisa aliyemkataa, hakuna aliyewahi hata kusoma jina lake, na katika hesabu za waliokataliwa hatakuwamo.

Watetezi wanasema ofisa aliye nchini kwako anavijua vyeti vya huko na hali ya huko. Hoja hiyo naiheshimu, maana makaratasi ya uongo yapo na sote tunajua yanavyotengenezwa. Ila ofisa wa Kinshasa anaijua Nundu kuliko yule wa Bujumbura, mji ambao milima ya Uvira inaonekana ng'ambo ya ziwa?

Na ukifika, kuna kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji ya 1952. Mwombaji wa matembezi au masomo anachukuliwa kuwa anataka kuhamia, mpaka aonyeshe kinyume: kazi, nyumba, shamba, familia vya kumrudisha. Shamba la baba yangu liko kwenye ardhi ya kimila, wanaolijua ni chefu na majirani. Kazi? Umehitimu juzi. Familia? Nusu ilikimbilia ng'ambo. Ukisema kweli unaonekana huna kinachokushika. Kuyaeleza hayo kwa dakika chache dirishani ni kazi ngumu. Kijana wa Gombe mwenye mkataba na karatasi za benki anamaliza kwa sentensi mbili.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tangazo hilo la Septemba linakubali kuna watu wasioweza kuhojiwa kwao. Wasudani walipewa Cairo, Wasomali na watu wa Sudan Kusini wakapewa Nairobi, Wazimbabwe Johannesburg. Ambasade isipofanya kazi, wanaona. Barabara isipofika kwenye ambasade, hawaoni. Kwa Washington, Kinshasa ikiwa wazi basi Fizi nayo iko wazi, na Leta yetu mara nyingi inafikiri hivyo hivyo.

Kwa anayesoma Bujumbura au anayeishi Kigoma kihalali: makazi yako yanahesabiwa. Shika kitambulisho, karatasi ya chuo, mkataba wa nyumba, maana utaulizwa.

Kwa sisi tuliobaki huku, ombi ni moja: wakazi wa Kivu Kusini waruhusiwe kuhojiwa Bujumbura mpaka njia ya Kinshasa ifunguke. Wabunge wetu wanaweza kulifikisha kwa Waziri wa Mambo ya Nje. Wahitimu wa sheria mliomo humu, andikeni barua hiyo kwa Kifaransa na Kiingereza, ukurasa mmoja, na nyuma yake muweke ramani.