Machozi ya Bikira Maria

Kabla ya rangi kulikuwa na useremala. Mbao za mwaloni ziliunganishwa ubavu kwa ubavu hadi upana ukazidi mita mbili na nusu, zikapakwa chaki iliyokorogwa na gundi ya wanyama, tabaka baada ya tabaka, kisha zikasuguliwa mpaka zikawa nyeupe na laini. Juu ya weupe huo, karibu mwaka 1435, Rogier van der Weyden alichora Yesu akishushwa msalabani. Walioagiza ni chama cha wapiga upinde wa mji wa Leuven, Ubelgiji ya leo, na pinde zao ndogo zimechorwa kwenye nakshi za pembe za juu.

Mistari ya mchoro ilitangulia rangi, na humo ndimo alimotunga wazo lake kuu. Bikira Maria anazimia, na mwili wake unajipinda kama ulivyojipinda wa mwanawe. Hana jeraha hata moja, lakini mateso yale yale yamempitia. Chini, karibu na mkono wake, kuna fuvu. Wakristo wa enzi hizo walilitambua mara moja: ni la Adamu, aliyeaminiwa kuzikwa Golgota, pale pale Yesu aliposulubiwa.

Vazi la Maria lilidai buluu ya lapis lazuli, jiwe lililotoka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Lilisagwa na kusafishwa kwa taabu hadi likatoa unga wa buluu tupu, nao ukachanganywa na mafuta. Mafuta hayo hukauka polepole, na utando mwembamba ukipakwa juu ya rangi mbichi huchanganyika nayo. Rogier alisubiri, akaongeza utando mwembamba, akasubiri tena. Kina cha mikunjo ya vazi hilo kimetokana na kusubiri.

Kisha machozi. Chozi halina rangi yake, kwa hiyo linachorwa kwa mwanga: nukta nyeupe pale mwanga unapogonga, kivuli chembamba pembeni, na katikati ngozi ya shavu ikiendelea kuonekana. Mkono ukitetemeka kidogo tu, chozi linageuka doa. Ya Rogier yanatiririka kweli, moja moja, kwenye uso uliokwisha kupauka.

Wachoraji wengi wa enzi hiyo walimwaga damu nyingi kuliko yeye, na kwangu hakuna aliyemzidi kuonyesha uchungu. Picha imo katika makumbusho ya Prado, Madrid. Ukijaliwa kufika, isogelee, uanze na machozi.