Juma Bhalo na Pigo la Tatu

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Kikoneni, Kwale, mjadala wa Juma Bhalo hauna mshindi. Mmoja akisema hajatokea mwimbaji wa kumfikia katika pwani hii yote, wa pili humkata kauli: Bhalo alichukua nyimbo za sinema za Kihindi akazibandika maneno ya Kiswahili, basi. Wa tatu, ambaye aghalabu ni Mdigo aliyelelewa na ngoma ya sengenya na zumari lake, husema sauti anaipenda ila ngoma imefichwa mno. Wa nne ni mtu wa mpiga udi Zein l'Abdin, na huyo hageuziki.

Hoja ya wa pili ndiyo nitakayoipima hapa, kwa sababu ndiyo inayorudiwa sana na ndiyo inayosemwa kwa haraka kuliko zote. Mtu akishatambua sauti ya filamu katika zile sekunde kumi za mwanzo, hukumu yake huwa tayari. Kilichobaki hakisikilizi, na kazi yenyewe ya Bhalo imo humo katika kilichobaki.

Mohamed Khamis Juma Bhalo alizaliwa Malindi mwaka 1942, akapata jina Mombasa, akaacha kuimba mwaka 2007 na kufariki Aprili 2014. Alikulia katika zama ambazo majumba ya sinema ya Mombasa yalijaa watu kutazama filamu kama Awaara ya 1951 na Mother India ya 1957, na vijana wakirudi nyumbani na sauti za waimbaji Mohammed Rafi, Mukesh na Lata Mangeshkar vichwani. Kuziweka sauti hizo katika taarabu hakukuanza na yeye. Lakini yeye ndiye aliyezifanya zikae, hadi leo huku upande wa bara wa barabara ya Likoni na Lunga Lunga, chini ya vilima vya Mrima na Jombo, utakuta kadi ya simu ya mwendesha bodaboda ina nyimbo zake zilizoingizwa bila majina, namba tu.

Sasa tuingie kwenye ufundi.

Shairi la Kiswahili lina mshororo wa mizani 16, umekatwa katikati: 8 ukwapi, 8 utao. Mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo kila kipande cha mizani 8 kina mkazo wake mkubwa kwenye mizani ya 7, na kina huja baada yake, kwenye mizani ya 8, kikiwa laini. Nyimbo nyingi za filamu za Kihindi nazo hutembea kwa mdundo wa tabla uitwao keherwa, ambao duru yake ina mapigo 8. Pigo zito ni la kwanza, na la tano ndilo linaloanza nusu ya pili ya duru.

Nane kwa nane. Mtu angedhani kazi imekwisha: kila mizani ipewe pigo lake, safari ianze. Hebu jaribu. Huu ni mshororo niliouunda kwa ajili ya mfano tu:

Mnazi nimeupanda, dafu wanywa majirani.

Mizani zake zimetimia: m-na-zi-ni-me-u-pa-nda, da-fu-wa-nywa-ma-ji-ra-ni. Ukianza pamoja na tabla, pigo zito la kwanza linakuangukia kwenye "m", ambayo haina hata irabu ya kufungulia mdomo, na pigo la tano linakuangukia kwenye "me", ambayo katika usemi wa kawaida hakuna anayeikazia. Ile "pa" ya "nimeupanda", iliyobeba mkazo wote, inaangukia pigo la saba, pahali pakavu. Maneno yanatoka kama yamesomwa na mgeni asiyejua Kiswahili. Wengi walioiga nyimbo za Kihindi waliishia hapo, na kwao hao lawama ya kubandika maneno ni ya haki kabisa.

Sasa acha tabla ipige mapigo mawili peke yake, kisha uingie kwenye pigo la tatu. Ile "m" inapata pigo jepesi, inaweza kuvumishwa puani bila kumsumbua mtu. "U" inafika pigo la nane, na "pa" inaingia moja kwa moja juu ya pigo la kwanza la duru mpya, pale ambapo mkono wa mpiga tabla unashuka kwa nguvu. Kina, "nda", kinalegea kwenye pigo la pili. Kisha "dafu" inaanza tena kwenye pigo la tatu, mkazo wa "wanywa" unakaa juu ya pigo la tano, na "ra" ya "majirani" inakutana na pigo zito lingine. Hakuna neno lililovunjwa mgongo. Duru ya Kihindi imebaki duru ya Kihindi, na mshororo umesemwa kama unavyosemwa Mji wa Kale wa Mombasa au Msambweni.

Bhalo hakufungwa na njia hii moja. Alikuwa akichelewa zaidi, akiwahi, akirefusha silabi moja ili nyingine ziende mbio. Ila msikilize anakoingia na anakotua. Tabla hutangulia, sauti hufuata, na ule mzunguko wa koo alioupata kwa Rafi, ule mtetemo wa sauti juu ya noti moja, huuweka kwenye silabi yenye mkazo, kina akakiacha kifupi. Angeuweka kwenye kina, jambo ambalo sauti ya filamu mara nyingi inamshawishi mwimbaji kulifanya, maneno yote yangepoteza sura. Kwangu mimi huo ndio utunzi. Sauti ya wimbo alipewa. Mkazo aliutafuta mwenyewe.

Lipo jingine, nalo ni umbo zima la wimbo. Wimbo wa filamu una sehemu mbili: mukhda, yaani kibwagizo kinachorudiwa chini chini, na antara, inayopanda juu na kurudi. Utungo wa taarabu ya Mvita mara nyingi ni wa mishororo mitatu kwa ubeti. Mishororo miwili ya kwanza ikipanda na antara, wa tatu hurudi nyumbani na sauti ya kibwagizo. Mrudio huo unafaa sana kwa ushairi wa mafumbo, kwa sababu mshororo wa mwisho ndio unaobeba mwiba. Na pale ambapo sauti ya filamu ni ndefu kuliko mshororo, Bhalo hurudia ukwapi mara mbili kabla ya kutoa utao. Mashabiki wengine huona kurudia huko kunachosha. Wafikirie waliokuwa kwenye harusi: marudio hayo ndiyo nafasi yao ya kukisia fumbo linamlenga nani, na anayejiona amesemewa moyoni mwake huinuka kutuza.

Mtu wa Zein ana hoja nzito zaidi, na inastahili heshima. Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu, alikuwa mpiga udi. Shingo ya udi haina vizuizi vya noti, kwa hiyo kidole kinaweza kukaa katikati ya noti mbili za piano, mahali ambapo maqamu za Kiarabu kama Bayati na Rast zinapata ladha yake. Harmoniamu, iliyo chini ya sauti ya Bhalo, haiwezi. Vibonye vyake vimeshaamua noti ni zipi. Taishokoto nayo, ala ya Kijapani iliyotengenezwa Nagoya mwaka 1912 na kuingia katika taarabu yetu ikawa kama ya kwetu, inapigwa kwa vibonye vile vile. Kwa hiyo shabiki wa Zein akisema kikundi cha mtindo wa Kihindi kinasikika bapa, anaeleza jambo ambalo sikio linalisikia kweli. Anayesikiliza Mtindo wa Mombasa, rekodi ya Zein iliyotoka mwaka 1990, hataona ajabu kwa nini wengine hawakuhama hapo kamwe. Zein pia aliyapenda mashairi ya kale, na udi wake ulikuwa na subira ya kuyangoja.

Lakini angalia Bhalo alivyoishi na kifungo hicho. Ala zikiwa zimekwama kwenye noti zao, koo lake liliteleza katikati. Tofauti kati ya sauti ya mtu na harmoniamu iliyo chini yake ndiyo inayotoa ule uchungu ambao wapenzi wake hawaachi kuutaja. Ingekuwa udi, sauti na ala zingekuwa pamoja, na uchungu huo ungepatikana kwa njia nyingine.

Ugomvi wa namna hii haukuanza pwani wala hautaishia pwani. New York, mwaka 1971, mshairi kijana Patti Smith alisimama katika kanisa la St. Mark's kusoma mashairi yake huku Lenny Kaye akimpigia gitaa. Miaka minne baadaye akatoa Horses, santuri inayohesabika kuwa mlango wa panki, na wimbo wa kwanza ndani yake ni Gloria, wimbo wa Van Morrison wa mwaka 1964, ambao yeye aliutanguliza kwa shairi lake mwenyewe kisha akaingia ndani ya kibwagizo cha mwenzake. Ni mkongwe sasa, na mashabiki wake bado hawajakubaliana kama wanampenda mshairi anayeimba au mwimbaji anayesoma. Hata hivyo hakuna anayedhani kwamba kwa kuwa Gloria ilikuwepo kabla yake, yeye hakufanya kazi yoyote pale.

Kuna mahali ambapo namkubalia mlalamikaji wa Kikoneni bila kusita. Katikati ya beti, sauti inapopumzika na ala kubaki peke yake, mara nyingi vipande vya filamu huletwa vile vile vilivyokuwa, noti kwa noti. Pale hakuna shairi la kulinda, na pale pangefaa ubunifu. Sengenya iko hapa hapa Kwale. Zuhura Swaleh aliingiza mdundo wa chakacha katika taarabu yake na watu wakacheza. Bhalo alikuwa na nafasi ya kufanya jambo la namna hiyo katika vile vipande vitupu, na kwa kiasi kikubwa aliiacha ipite. Yule Mdigo anayesema ngoma imefichwa hakosei.

Na wote wanne, wapenzi na wapinzani, wanamsahau mtu mmoja. Maneno mengi aliyoimba Bhalo hayakutoka kwake. Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndugu yake wa ukoo na mwandishi wa Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, ni mmoja wa waliomtungia. Mkazo hauwezi kukaa kwenye pigo zito kama mtunzi hakupima mizani yake sawasawa tangu mwanzo. Mshororo wenye mizani 15 ungemwangusha mwimbaji yeyote. Kanda zilizouzwa miaka hiyo, zikiwemo zile za Mbwana Radio Service kule Mji wa Kale, zilimtangaza mwimbaji kabla ya kila mtu, na kadi za simu za leo zimeondoa hata jina hilo. Kanda hizo zinaendelea kuharibika, nao wanaokumbuka ni shairi gani lilitoka kwa nani, na sauti yake ilitoka filamu gani, wamezeeka. Redio ya pwani yenye kipindi cha taarabu ingeweza kuianza kazi hiyo wiki hii: kabla ya kila wimbo wa Bhalo, taja mtunzi wa shairi na taja filamu, kisha uache wimbo upigwe mpaka mwisho bila kuukatiza kwa salamu.