Kushuka kutoka Mark X bila kushuka nguvu

Kwenye yadi za magari ya mtumba za Dar es Salaam swali la kwanza la mnunuzi ni "cc ngapi?", na jibu lake hubeba uamuzi wote. Cc 1,000 linanusa mafuta, cc 2,500 linakunywa. Anayesafiri mikoani huambiwa achague moja, pesa au nguvu. Nimefuatilia kwa karibu namna shemeji yangu alivyobadili gari, na naamini njia aliyopitia inafaa kuchambuliwa, kwa sababu cc ilikuwa kati ya vitu vya mwisho alivyoviangalia.

Anaishi Kibaha, anafanya kazi katikati ya jiji, na kila mwezi anapanda Iringa kwa wazazi akiwa na mke, watoto na magunia. Gari lake lilikuwa Toyota Mark X ya GRX120: injini ya V6, cc 2,499, nguvu za farasi 215, uzito wa karibu kilo 1,500. Watu walikuwa wakimshauri achukue Passo ya cc 1,000. "Shem, Passo siiwezi," aliniambia. "Niko nyuma ya tangi la mafuta la Tunduma, familia yote ndani, halafu nianze kuomba dua?" Hoja yake ilikuwa ya kweli. Barabara ya Chalinze hadi Morogoro ina malori mengi kuliko nafasi za kuyapita, na gari lisilovuta pale ni hatari ya wazi.

Kabla ya kutafuta gari jipya alilipima la zamani. Alijaza tangi kwenye sheli moja, pampu ileile, mpaka bomba likajikata lenyewe. Akarudisha mita ya safari kwenye sifuri. Akaendesha kama kawaida. Akajaza tena hadi pale pale, akagawa kilomita kwa lita. Mshale wa dashibodi haukutumika popote. Kwenye foleni za Kimara na Ubungo Mark X ilimpa kilomita 7 na nusu kwa lita, njia ya Iringa ilifika 11, na kwa mchanganyiko wa matumizi yake wastani ulikuwa 8.5.

Wengi hujidanganya kwenye namba hii ya kilomita kwa lita. Tuchukue mtu anayeendesha kilomita 15,000 kwa mwaka. Akitoka gari la kilomita 7 kwa lita akaenda la 9, anaokoa lita 476. Akitoka la 15 akaenda la 18, anaokoa lita 167 tu, ingawa hatua ya pili inaonekana kubwa zaidi kwa macho. Maana yake ni kwamba faida nono iko chini, pale unapoachana na gari linalokula sana. Ukishafika kilomita 12 au 13 kwa lita, kila kilomita unayoongeza inakuletea pesa kidogo kuliko iliyotangulia, na pengine unailipia kwa nguvu unayoihitaji.

Nguvu yenyewe tuihesabu badala ya kuibishania. Gari la saluni lenye watu, likienda 90 kwa saa kwenye lami tambarare, linahitaji takriban kilowati 11 kwenye magurudumu ili kushinda upepo na msuguano wa matairi. Hizo ni kama nguvu za farasi 15. Mark X ina 215. Kwa sehemu kubwa ya safari, basi, injini ile inafanya kazi ya kitoto, na injini ya petroli ikifanya kazi ndogo kuliko uwezo wake hupoteza mafuta vibaya. Ukikanyaga mafuta kidogo, kilango cha hewa kinabaki karibu kimefungwa, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija uliokunjika. Juhudi hiyo inalipiwa kwa petroli na hailisogezi gari hata hatua moja.

Farasi waliobaki wanahitajika kwenye kupita gari jingine. Nilipiga makadirio ya kutoka 80 hadi 100 kwa saa, gari likiwa na kilo 350 za watu na mizigo, nikichukua wastani wa robo tatu ya nguvu ya injini, kisha nikatoa kinachopotea kwenye gia, upepo na matairi. Passo ya cc 1,000 inatumia sekunde saba na nusu hivi, na katika muda huo imekula karibu mita 190 za barabara. Premio ya cc 1,500, yenye farasi 110, inatumia sekunde tano na ushei, mita 130. Mark X inatumia karibu sekunde 3. Mazda Axela ya cc 2,000, yenye farasi 155 na uzito wa karibu kilo 1,300, inatumia chini kidogo ya sekunde 4. Hayo ni makadirio ya karatasi na si vipimo vya uwanjani, lakini mpangilio wake ni wa kuaminika. Kati ya Passo na Axela kuna karibu mita mia moja, umbali unaoamua kama utarudi upande wako kabla ya basi linalokuja. Kati ya Axela na Mark X kuna chini ya sekunde moja. Sekunde hiyo ndiyo shemeji alikuwa akiilipia mamilioni.

Mlima wa Kitonga, ambao kila mtu anautaja akitetea injini kubwa, hauhitaji nguvu nyingi kama inavyodhaniwa. Gari la kilo 1,650 likipanda mwinuko wa asilimia 8 kwa 50 kwa saa linataka kama kilowati 18 za kupandisha uzito huo, juu ya zile za kawaida. Gari dogo nalo linazo. Linachokosa ni nguvu ya kuzungusha kwenye mizunguko ya chini, ndiyo maana injini inapiga kelele na dereva anaona gari limechoka. Kimo nacho kinachangia: injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, hivyo ukifika Iringa umeacha njiani karibu asilimia 15. Wakazi wa Nairobi wanaishi na upungufu huo kila siku.

Watengenezaji wamelishughulikia tatizo la injini inayofanya kazi ndogo kwa njia tatu, na zote zimo kwenye magari ya mtumba tunayoletewa.

Ya kwanza ni injini ndogo yenye turbo. Volkswagen Golf ya 1.4 TSI yenye farasi 122 inatoa Nm 200 za kuzungusha kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika, na turbo inafidia sehemu kubwa ya hewa nyepesi ya nyanda za juu. Kwa uendeshaji ni gari tamu kweli. Shemeji aliliacha kwa sababu ya gia yake ya kasi saba yenye klachi kavu mbili, ambayo haipendi mwendo wa kusukumana mita mbili mbili kwenye foleni. Volkswagen yenyewe iliwahi kuyaita magari mengi yenye gia hiyo kwa marekebisho mwaka 2013. Injini za awali za 1.4 pia zilijulikana kwa cheni ya taimingi inayolegea, na kizazi cha Golf ya saba kikahamia kwenye mkanda. Anayelitaka atafute la kizazi hicho cha baadaye.

Ya pili ni haibridi. Toyota Aqua, iliyoingia sokoni Desemba 2011, inaunganisha injini ya cc 1,500 na mota ya umeme, jumla farasi 100, kwa uzito wa kilo 1,080 hivi. Kwenye foleni haina mshindani, kwa kuwa injini inazimika na kila ukishika breki sehemu ya nguvu inarudi kwenye betri. Mwenye safari za mjini tupu asiumize kichwa, achukue hiyo, ila afungue tundu la hewa la betri lililo chini ya kiti cha nyuma. Vumbi likiziba pale, betri inachemka na kuchakaa kabla ya wakati. Kwenye mpando mrefu na mzigo, betri ikishuka, unabaki na injini ya farasi 74 peke yake. Kwa mtu wa Iringa hapo ndipo hesabu ilipokataa.

Ya tatu ndiyo iliyonivutia zaidi kiufundi: kuiacha injini bila turbo, na kuibana. Uwiano wa mgandamizo wa injini ya 1NZ ya Toyota, iliyo kwenye IST na Premio nyingi mitaani kwetu, ni 10.5 kwa 1. Mazda, kuanzia Demio ya 2011, ilipandisha hadi 14 kwa 1 kwenye injini ndogo za Skyactiv, na 13 kwa 1 kwenye ile ya cc 2,000 ya Axela ya Japani. Kwa hesabu za vitabuni, kutoka 10 hadi 13 kunaongeza ufanisi kutoka asilimia 60 hadi 64. Injini halisi hazifiki hapo, ila uelekeo ni huohuo. Kikwazo cha miaka yote kilikuwa injini kugonga: mafuta yanawaka yenyewe kabla ya wakati kwa sababu ya joto. Mazda waligundua kwamba sehemu kubwa ya joto hilo ni moshi wa mzunguko uliopita unaobaki ndani ya silinda. Wakatengeneza mabomba marefu ya kutolea moshi, manne yanayoungana kuwa mawili kisha moja, ili moshi wa silinda moja usisukumwe kurudi kwenye nyingine. Wakachimba kishimo katikati ya kichwa cha pistoni, wakapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda ili ipoze hewa, na kwenye kazi nyepesi wakachelewesha kufunga valvu ya kuingizia, hivyo ule mrija uliokunjika ukafunguka kwa kiasi. Gia ya otomatiki ya kasi sita nayo ilifungwa iunganike moja kwa moja na injini muda mwingi, bila kuteleza kwenye mafuta.

Matokeo ni Nm 196 na farasi 155 bila turbo ya kuharibika. Na kwa kuwa injini ni cc 1,997, haivuki mstari wa cc 2,000 ambao Tanzania hutumia kupandisha ushuru wa bidhaa, wakati Mark X imeshauvuka.

Kwenye kununua, jina la gari halitoshi, na hapa watu wanapigwa. Axela ya mwaka uleule, bodi ileile na taa zilezile inaweza kuwa na injini ya cc 1,500 yenye farasi 111. Kinachozitenganisha ni msimbo wa modeli kwenye kibati na kwenye hati ya Japani: unaoanza na BM5 ni wa cc 1,500, unaoanza na BME ni wa cc 2,000. Demio ya 2011 ni hivyohivyo. DEJFS ndiyo Skyactiv, DE3FS ni injini ya kawaida. Namba za mafuta za Kijapani nazo zisomwe kwa jina la kipimo chake. Kipimo cha zamani cha 10-15 hakikuzidi 70 kwa saa, na JC08 kilichofuata kiliishia kwenye 81 na nukta. Toa robo mpaka theluthi ndipo ukutane na Morogoro Road. Magari ya kuanzia 2018 yenye kipimo cha WLTC yanaonyesha namba tatu, ya mjini, ya pembezoni na ya barabara kuu, nazo ziko karibu zaidi na ukweli.

Shemeji alichagua Axela ya cc 2,000, akaenda kuikagua na fundi asubuhi injini ikiwa baridi. Walilinganisha kilomita za dashibodi na karatasi ya mnada, wakasikiliza inavyowaka, kisha wakachomeka mashine ya kupimia na kuangalia ni kiasi gani kompyuta inasahihisha mchanganyiko wa petroli na hewa. Ikizidi asilimia 10 kwa muda mrefu, kuna hewa inayopenya mahali, nozeli chafu au kihisi kilichochoka, na gari hilo litakula kuliko lilivyoandikiwa. La kwanza walilolipima lilikuwa hivyo, wakaliacha. La pili lilikuwa linasahihisha kidogo sana. Matairi yake yalikuwa ya rimu kubwa za urembo. Muuzaji akakubali kurudisha za kiwandani, ambazo ni nyepesi.

Baada ya kuzoea, alipima kwa njia ileile ya kujaza tangi. Foleni inampa kilomita 10 kwa lita, njia ya Iringa 15, mchanganyiko 12. Kwa kilomita 18,000 za mwaka, Mark X ilikuwa inakunywa lita 2,118, Axela inakunywa 1,500. Tukichukua sh 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, ni zaidi ya sh milioni 1.8 zinazobaki nyumbani. Passo, tuseme kwa kilomita 15 kwa lita, ingeongeza akiba nyingine ya sh 900,000 hivi. Zile mita mia moja nyuma ya tangi la Tunduma, kwangu, zina thamani zaidi ya hapo.

Spidi ameipunguza pia, na sehemu ya akiba inatoka huko: 120 kwa saa inadai karibu asilimia 40 zaidi ya nishati kwa kila kilomita kuliko 90. Alichokipoteza ni ule ukimya wa V6 na gari kusukumwa kwa magurudumu ya nyuma, na anausikia upungufu huo. Alichoongezewa ni gharama moja ambayo wauzaji hawaitaji: mfumo unaozima injini kwenye taa nyekundu unataka betri yake maalumu, ghali kuliko ya kawaida, na mafundi wengi hufunga ya kawaida ambayo haidumu. Mwenye kununua Axela aulize umri wa betri hiyo kabla ya kukubaliana bei.