Utambi wa Ami

Ami huanza kwa kunawa mikono. Anaisugua kwa sabuni mpaka chini ya kucha, anaikausha kwa taulo safi, ndipo anapovuta kiti na kuwasha taa ya mezani. Pamba hunasa harufu, anasema. Ukiishika kwa mkono uliomenya kitunguu, kitunguu hicho utakivuta siku nzima. Mbele yake ipo trei ya chai ambayo siku hizi haibebi tena vikombe. Juu yake kuna kigurudumu cha waya mwembamba, kipande cha keekee cha milimita 2.5, kibano chenye ncha za kauri, bisibisi ndogo kama ya fundi saa, mkasi, na pamba iliyokunjwa ndani ya kitambaa. Nje ni Portsmouth, kusini mwa Uingereza, na mvua ya Novemba. Udi umefukizwa, lakini chumba cha pili, kwa ajili ya hiyo pamba.

Nilimwendea nikiwa na aibu. Nilikuwa nimeacha sigara kwa wiki sita, baada ya kuzivuta miaka kumi na moja, na vepu, yaani sigara ya umeme, ndiyo iliyonitoa huko. Nilikuwa nayo moja tu, ndogo ya mfukoni. Usiku mmoja, katikati ya zamu ghalani, tundu lake la kuchajia lililegea na taa yake ikakataa kuwaka. Nikajiambia nitavumilia mpaka asubuhi. Saa kumi alfajiri nilikuwa nimesimama nje ya kituo cha mafuta, pakiti mpya mkononi, ya kwanza imeshawashwa. Ami alisikiliza yote bila kunikatiza. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Cha akiba kiko wapi, mwanangu?"

Mgeni wa mambo haya huona cha akiba ni anasa ya wenye kukusanya vifaa. Mimi pia niliona hivyo. Lakini aliyetoka kwenye sigara juzi anajua kwamba hamu haingoji duka lifunguliwe, na kwamba sigara inapatikana kila kona usiku kucha. Zamani jibu la haraka lilikuwa vepu ya kutumia na kutupa. Tangu tarehe 1 Juni 2025 kuziuza ni marufuku Uingereza, na mimi sikuzililia: betri nzima ya lithiamu ilikuwa ikitupwa jalalani baada ya siku mbili tatu za kazi. Siku hizi mtu hana budi kuchagua kifaa cha kudumu, na hapo ndipo mgeni anapopotea.

Niseme na hili mapema. Trei ya Ami ni ya mvutaji anayekimbia sigara. Ambaye hajawahi kuvuta hana cha kutafuta hapa, na wajukuu wa Ami hawaruhusiwi hata kugusa ile pamba. Sheria nazo hazifanani: Uingereza imeweka kikomo cha mililita 2 kwa tangi na miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, ilhali Uganda ilipiga marufuku biashara ya vifaa hivi kwa sheria ya mwaka 2015. Anayesafiri kwenda Entebbe aliangalie hilo kabla ya kufunga begi.

Nilikuwa nimeshapenda kifaa dukani. Kikubwa, betri mbili, kioo cha rangi, kinachotoa wingu la kujaza chumba. Nilimwonyesha Ami picha yake kwenye simu. Hakuitazama sana. Aliniomba chupa yangu ya juisi ya vepu, akaiinua kwenye mwanga na kuipindua. Kiputo cha hewa kilipanda mbio. "Nyepesi hii," alisema. "Nusu kwa nusu."

Alikuwa sahihi. Juisi huchanganywa kwa gliserini, ambayo ni nzito, na propilini glikoli, ambayo ni nyepesi zaidi. Vifaa vidogo vinavyovutwa kama sigara, mvuke ukae kinywani kwanza kisha ushuke kifuani, vina matundu membamba ya kuilisha pamba, hivyo vinataka juisi nyepesi kama yangu. Kile kikubwa kina matundu mapana yaliyotobolewa kwa ajili ya juisi nzito. Yangu ingefurika na kuvuja. Halafu chupa yangu ilikuwa na nikotini ya miligramu 12, na kwa wingu kubwa namna ile ningepata kizunguzungu kwa pumzi mbili. Ningenunua kifaa cha akiba, na pamoja nacho juisi ya akiba, na mapafu ya kujifunza upya saa kumi usiku. Ami aliizima simu yangu kwa kidole na kuirudisha upande wangu wa meza. Kisha akavuta waya.

Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia kweli. Waya wake ni Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini, wenye unene wa kama theluthi moja ya milimita. Jina hilo limeungwa kutoka kwa Hans von Kantzow na mji wa Hallstahammar, Sweden, alikoanzisha kampuni yake mwaka 1931; waya wa jamii hiyo ndio unaowaka mwekundu ndani ya majiko na tanuri za umeme. Ukipata moto, alumini iliyomo hutengeneza ngozi nyembamba juu yake, na ngozi hiyo ndiyo inayouzuia usiliwe na hewa. Ami hakuyasema hayo. Yeye aliunyoosha tu waya kati ya vidole viwili, akiuhisi kama una kikunjo, akaukata kipande cha urefu wa kidole.

Anauzungusha kwenye keekee kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unashika mvuto. Mvuto huo hauongezeki wala haupungui kuanzia mzunguko wa kwanza hadi wa sita. Nilijaribu baadaye nikagundua jinsi ilivyo vigumu: kidole huchoka, waya huteleza, mzunguko wa nne unapanda juu ya wa tatu. Mizunguko yake sita ilikaa sambamba, kama pete kwenye kidole cha bibi harusi. Aliifunga miguu miwili ya koili hiyo chini ya skrubu za kitako cha tangi, akakata mabaki yasije yakagusa ukuta wa chuma na kuleta shoti, akaiweka juu ya kifaa cha kupimia. Ilisoma omu 1.1. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonja mchuzi na kukuta chumvi imetosha.

Kisha akawasha, kwa nguvu ndogo na kwa kugusa-gusa tu. Koili nzuri huwaka kuanzia katikati kwenda pembeni. Yake ya siku ile iliwaka mguu mmoja kwanza. Angeweza kuiacha, ingevutika vilevile, kwa muda. Aliipitishia ncha ya kibano juu, mara tatu, kwa upole, kama anayepiga nyuzi za gambusi, akaibana ingali na joto kidogo, akagusa tena. Bado mguu ule. Akarudia. Sikuhesabu ni mara ngapi. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikarudi. Mwishowe doa la rangi ya machungwa lilichomoza katikati kabisa likasambaa pande zote mbili kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo alipoegemea kiti.

"Marehemu mama," alisema, "alikuwa anakata utambi wa kandili kila jioni. Kila jioni. Ukiupandisha sana chemni inajaa masizi, ukiushusha sana mafuta yapo na taa inakufa."

Pamba ilikuwa zamu yake. Alichana ukanda mwembamba, akaondoa ngozi ya juu na ya chini, akasokota ncha moja na kuipenyeza ndani ya koili. Ilipita kwa kukwaruza kidogo. Alinishika kidole akanipa nami nivute, ili nijue ukwaruzaji huo ni wa kiasi gani: koili isogee kidogo sana lakini isipinde. Pamba ikijaa mno, juisi haipiti, katikati hukauka na kuungua, na ladha ya pamba iliyoungua haisahauliki; hukwama kooni mpaka kesho. Ikiwa haba, juisi hufurika na kutoka kwenye tundu la hewa hadi mfukoni. Alizikata ncha zake kwa mshazari, akazilaza juu ya matundu ya juisi kwa ncha ya bisibisi bila kuzikandamiza, akadondosha juisi tone moja moja mpaka pamba ikawa na rangi ya kioo kilicholowa. Akafunga tangi. Dakika tano hakuna kugusa, alisema, akaenda kuchukua chai.

Hon Lik, mfamasia wa China ambaye kifaa chake cha mwaka 2003 ndicho kilichoanzisha biashara hii yote, mwanzoni alitumia mtetemo wa kasi usiosikika kuigeuza juisi kuwa ukungu. Waya wa moto na utambi ndio ulioshinda baadaye. Nafikiri ni kwa sababu ni rahisi, na kitu rahisi hutengenezeka mezani. Tundu langu la kuchajia, lenyewe, lisingetengenezeka na mtu yeyote niliyemjua.

Hilo ndilo Ami alilokuwa ananipeleka kulielewa, kwa mwendo wake. Cha kwanza kilikufa kwa betri iliyofungiwa ndani na tundu lililolegea, basi cha akiba kisife kwa ugonjwa uleule. Alinitaka nitafute kifaa chenye betri ya kutoa, ile ya 18650, ambayo jina lake ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu 65. Huchajiwa nje, kwenye chaja yake. Ikichoka inabadilishwa kwa nukta. Lakini alinikatalia katakata kifaa cha bomba tupu, kisicho na bodi ya umeme ya kukilinda, ingawa yeye anacho kimoja kizuri cha shaba na anakipenda. Hicho ni cha anayeweza kupiga hesabu ya umeme kichwani. Koili ya omu 1.1 kwenye betri iliyojaa, volti 4.2, huvuta chini ya ampea 4, salama kabisa. Mgeni akikosea na kufunga ya omu 0.1, ni ampea 42, na betri haikuumbwa kwa hilo. Bodi hukataa kosa hilo kabla halijatokea.

Alinionyesha pia namna ya kuikagua betri: kuizungusha chini ya taa na kutafuta mchubuko kwenye ngozi yake ya plastiki. Ikiwa imechanika inavikwa ngozi mpya, na mpaka hapo haitumiki. Huwekwa kwenye kikasha chake, kamwe isilale mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Kwenye ndege inakaa na abiria, haishuki na mizigo.

Nilinunua mwili wa kifaa cha namna hiyo wiki iliyofuata, wa rangi ya kijivu, hauna kioo wala urembo. Tangi lilikuwa la Ami, la zamani, lakini skrubu zake bado zinaingia laini kwa ncha za vidole na oringi zake amezibadilisha mwenyewe. Mvuto wake ni uleule wa kile cha kwanza, juisi ni ileile, na hilo ndilo ninaloshukuru kila ninapokihitaji: mkono unabadilisha kifaa, kinywa hakijui.

Koili zangu tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Moja ilileta shoti, bodi ikakataa kuiwasha. Moja iliungua. Ya tatu ilivujia suruali ya kazi. Ya nne nilimpelekea Ami siku ya Jumapili, nikaiweka kwenye trei bila kusema kitu. Alinawa mikono. Alifungua tangi, akainama mpaka pua ikakaribia kuligusa, akahesabu mizunguko kwa ncha ya bisibisi, akavuta pamba kidogo upande mmoja, kidogo upande wa pili. Kisha akachukua mkasi na kupunguza ncha ya kushoto, kiasi cha unyoya, akaifunga na kuijaza juisi. Dakika tano tulikaa kimya. Alivuta pumzi moja fupi, akaiachia kuelekea dirishani, akanirudishia.

"Nyingine," alisema, akanisogezea kigurudumu cha waya.