Couper na Kekulé: Juu ya Haki ya Mtunzi

Mwaka 1909 Richard Anschütz, profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bonn, alitoa katika jarida la Royal Society of Edinburgh habari ndefu za maisha na kazi za mtu aliyekuwa amekwisha kufa miaka 17 nyuma, naye ni Archibald Scott Couper, Mskoti wa Kirkintilloch. Wanakemia wachache mno walimjua. Maandishi hayo nataka kuyapima kwa mizani ya wahakiki wa fasihi, madhali swali lililomo ndani yake ndilo linalotuchosha na sisi: fikra hii ni ya nani, na tutajuaje?

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwaka 1858 Couper alikuwa Paris, akifanya kazi katika maabara ya Adolphe Wurtz. Aliandika makala akinena kwamba atomi ya kaboni ina nguvu nne za kushika, na kwamba atomi za kaboni hushikana zenyewe kwa zenyewe. Katika maneno hayo mawili ndimo ilimosimama kemia yote ya kaboni hata leo. Alimpa Wurtz makala aipeleke mbele ya Akademia ya Sayansi. Wurtz hakuwa bado mwanachama wa Akademia, na makala ikakawia. Mwezi wa Mei August Kekulé, aliyekuwa Heidelberg, akachapisha makala yake yenye fikra zile zile. Ya Couper ilisomwa tarehe 14 Juni, kwa mkono wa Dumas. Couper alimlaumu Wurtz kwa ukali, na kwa lawama hiyo akafukuzwa maabarani. Alirudi Edinburgh, akapatwa na maradhi ya akili mwaka 1859, na tangu hapo hakuandika tena kemia. Alitunzwa na mama yake.

Sifa ya kwanza ya Anschütz ni kwamba hakuwa mtu wa nje. Alikuwa msaidizi wa Kekulé, kisha mrithi wa kiti chake, na mwaka 1929 alitoa maisha ya mwalimu wake huyo katika vitabu viwili vikubwa. Mwanafunzi anayefukua jina la mshindani wa mwalimu wake hana faida anayoitarajia, nasi twaweza kumwamini zaidi kwa sababu hiyo. Sifa ya pili ni ya ajabu kuliko hiyo. Couper alikuwa ameandika pia juu ya asidi ya salisili na kloridi ya fosforasi, na wanakemia waliojaribu baada yake, Kekulé akiwa mmoja wao, hawakukipata alichosema amekipata. Hivyo neno lake likawa na doa. Mwaka 1885 Anschütz alirudia kazi ile kwa mikono yake na kuona kwamba Couper alisema kweli. Sisi wahakiki wa mashairi hatuna chupa ya namna hiyo. Hatuwezi kumchemsha shahidi ili tujue kama alikuwa mkweli.

Lakini yako mahali ambapo siridhiki. Kisa cha Wurtz kuikawiza makala kilimfikia Anschütz kwa masimulizi, karibu miaka 50 baada ya jambo kutukia, kutoka kwa mtu aliyesikia kwa mwingine. Yamkini ni kweli; mimi mwenyewe nakisadiki. Hata hivyo hakilingani na tarehe iliyopigwa chapa, na msomaji angefanya vema kuviweka mbali vitu hivyo viwili. Tena, tarehe yenyewe hutupa nini? Hutuambia nani alichapisha kwanza. Nani alifikiri kwanza, na kama mmoja alimwiba mwenziwe, ni swali jingine kabisa.

Hapo ndipo ningeitegemea zaidi hoja ya lugha. Kekulé alianza katika nadharia ya mifano ya Gerhardt, akaipanua mpaka ikampasukia mkononi. Couper aliishambulia nadharia hiyo tangu mwanzo, na katika nakala ya Kiingereza iliyotoka mwaka huo huo katika Philosophical Magazine aliifanyia mzaha wa mtu wa lugha. Anatutaka tumwazie mtu anayetafuta asili ya maneno ya kitabu: mtu huyo huchagua neno moja, hulifanya mfano, na kudai kwamba maneno mengine yote yametoka humo kwa kuondoa hiki na kutia kile, ilhali herufi ziko mbele ya macho yake. Couper alisoma lugha za kale na falsafa kabla ya kugusa kemia, na tashbihi hiyo ni alama ya mkono wake. Haiwezi kutoka kwa Kekulé. Watu wawili waliofika kisimani kwa njia mbili zilizopishana, mmoja kwa kuitii kanuni na mmoja kwa kuikataa, hawakuibiana maji. Michoro nayo yashuhudia: Couper alipiga mistari kati ya atomi na atomi, kama tufanyavyo leo, naye Kekulé katika makala ya 1858 hakufanya hivyo.

Wanafunzi wetu wa ushairi wangefaidika kuisoma kazi hii. Diwani ya Muyaka aliyoitoa Hichens mwaka 1940 ilitokana na mashairi yaliyokusanywa na W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, baada ya Muyaka kufariki. Kwa kila shairi humo tunalazimika kuuliza kama alivyouliza Anschütz: nani alisikia, alisikia lini, na je, mkono wa mtunzi waonekana katika maneno?

Mwaka 1890 wanakemia walikusanyika Berlin kumsherehekea Kekulé, naye akawahadithia ndoto zilizomletea fikra zake, moja ikiwa ya garini huko London miaka mingi kabla. Hadithi hiyo imenukuliwa mara zisizohesabika. Siku alipoihadithia, Couper alikuwa hai Kirkintilloch. Alikufa mwezi wa Machi 1892.