Rais Anapopanda Kizimbani

Wengi wanaonunua tawasifu za marais huwa wanatafuta siri za Ikulu: nani alimzunguka nani, kikao gani kilivunjika kwa hasira. Wakifika ukurasa wa mwisho mikono mitupu, hukitupa kitabu kabatini na kusema mzee kajisafisha tu. Lawama hiyo haikosi ukweli, ila siri si mahali pa kutazama. Aliyeshika dola hana sababu ya kumwaga yote, na hata akiyamwaga, msomaji hana mizani ya kuyapimia. Ninachokisifu katika ufundi huu ni kikavu zaidi. Mtawala aliyezoea kusema kupitia msemaji wake, taarifa za Ikulu na majukwaa ya kampeni, sasa anakaa chini akaeleza mambo kwa mpangilio, kwa jina lake, na maelezo hayo hawezi tena kuyakana. Anapanda kizimbani kwa miguu yake mwenyewe.

Kitazame kitabu cha Benjamin Mkapa, rais wa zamani wa Tanzania, My Life, My Purpose, kilichozinduliwa Dar es Salaam Novemba 2019. Mkapa aliwahi kuwa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa waziri. Uzito wa neno lililokwisha kuchapwa aliujua. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, vyombo vya dola viliwafyatulia risasi wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF walioandamana baada ya uchaguzi wa Zanzibar wa mwaka 2000. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 35, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Karibu miaka 19 baadaye, aliyekuwa Rais siku zile anayataja mauaji hayo kuwa doa katika utawala wake. Aliyefiwa na nduguye kule Wete au Micheweni ana haki ya kuuliza doa linamsaidia nini, maana doa si hukumu wala si fidia. Hata hivyo kuna kilichobadilika. Zamani mtetezi wa serikali angeweza kushikilia kwamba hakukuwa na la kujutia. Leo akisema hivyo atakuwa anabishana na aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu mwenyewe.

Pingamizi la pili huja haraka: wazee hawa hawaandiki, wanaandikiwa. Suffering Without Bitterness ya Jomo Kenyatta, ya mwaka 1968, kwa sehemu kubwa ni hotuba zake zilizopangwa na wasaidizi. Oginga Odinga naye, aliyetoa Not Yet Uhuru mwaka 1967 baada ya kujiuzulu umakamu wa rais, alisaidiwa na Ruth First. Sioni kama hilo linaharibu kitu. Anayetoa ushahidi mahakamani naye hutayarishwa na wakili, lakini maswali ataulizwa yeye. Kinachoharibu ni kukisoma kitabu kimoja peke yake. Odinga anasema uhuru bado haujafika, Kenyatta anahubiri kusameheana. Ukiviweka viwili hivyo mezani pamoja, pale anapopiga kelele mmoja ndipo unapogundua mwenzake kanyamaza.

Kwa kipimo hicho cha kukubali kuulizwa, Ali Hassan Mwinyi, naye rais wa zamani wa Tanzania, alijiweka wazi zaidi kuliko wenzake kwa kuiandika Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, iliyotoka mwaka 2021, kwa Kiswahili. Mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kutokana na vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa dola huko Mwanza na Shinyanga. Mzee wa Shinyanga anayezikumbuka siku zile hahitaji mkalimani wala mhadhiri ili ayasome maelezo ya Mwinyi na kuyapinga.

Hasara ya kitabu kisichoandikwa inaonekana kwa Julius Nyerere. Aliandika mengi, lakini tawasifu hakuandika, hata ikabidi Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata watoe wasifu wake wa juzuu tatu mwaka 2020. Kazi yao ni kubwa, na kwa nyaraka inampita rais yeyote anayejisimulia. Lakini mtafiti hawezi kumjibia marehemu. Mwaka 1979 Edwin Mtei aliacha uwaziri wa fedha baada ya kutofautiana na Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka 30 baadaye Mtei alieleza upande wake katika From Goatherd to Governor, nasi tunaweza kumbana aya kwa aya. Kwa upande wa Nyerere tunashika zaidi hotuba aliyowapa mabalozi tarehe 1 Januari 1980. Ni hotuba kali, yenye hoja, iliyolenga shirika hilo. Kuhusu waziri aliyekuwa akifanya naye kazi na ushauri aliompa, humo hatupati kitu cha kumbania.